Kitambaa Alichokinyoosha Dirce

Mama mkwe wangu, Dirce, hajawahi kunisalimu bila kwanza kuitazama kola yangu. Ndivyo alivyofanya hata siku Ivano aliponileta nyumbani kunitambulisha. Mimi nimejipamba, nimebeba keki niliyoihangaikia asubuhi nzima, na yeye macho yake yako shingoni kwangu. Baadaye nikasikia alimwambia mwanawe kwamba msichana mwenyewe hana neno, ila hajui kupiga pasi, na hilo linafundishika. Nilinuna wiki nzima. Kisha nikaolewa, tukahamia ghorofa ya juu yake, na miaka thelathini na moja imepita mashati ya mume wangu yakishukia kwake kwanza ndipo yapande kwetu.

Msimwone mkorofi. Kwa miaka arobaini na moja alifanya kazi kwenye karakana ya Pompili, pale chini ya lango la Montebrullo, ambako vitambaa vya katani hupigwa chapa za kutu: majogoo, zabibu, majani ya mwaloni. Kabla chapa haijagusa kitambaa, kitambaa lazima kilale, na kazi ya kukilaza ni ya mangano. Mangano ni sanduku la mbao lililojazwa mawe, tani tano nzima, linalokwenda na kurudi juu ya magogo mawili ya mviringo yaliyozungushiwa kitambaa. Linavutwa na gurudumu kubwa kiasi kwamba mtu anaingia ndani yake na kutembea. Dirce ndiye aliyekuwa akizungushia vitambaa kwenye magogo, na Ezio, ambaye baadaye alimwoa, ndiye aliyekuwa akitembea ndani ya gurudumu. Pompili mzee alikuwa na sheria moja tu: hakuna kitambaa kinachovuka kizingiti chake kwenda nje kikiwa na mikunjo, hata kiwe cha nani.

Ezio tumemzika zamani. Dirce sasa ana miaka themanini na sita, anapanda ngazi bila kushika ukuta, na Krismasi ikifika anakunja kapeleti za supu mia nne kwa mkono, vile vifuko vidogo vya unga vyenye nyama ndani, asitake msaada wa mtu. Kila Alhamisi anacheza karata kwenye baa ya Nives na wajane wenzake watatu. Anaiba karata waziwazi. Wakimshika anasema macho yake yamechoka, macho hayo hayo yanayoona uzi uliolegea kwenye shati la mtu aliye ng'ambo ya uwanja wa kanisa. Nampenda, nasema kabisa. Nilimkuta ni mama wa mume wangu, akaja kuwa mama yangu, na sijui ilitokea mwaka gani.

Mimi ni mlinzi kwenye makumbusho ya mji. Kazi yangu ni kukaa kitini, kusimama miguu ikifa ganzi, na kuwaambia watu wasisogee. Mwaka juzi, baada ya Pasaka, tuliletewa maonyesho makubwa kuliko yote tuliyowahi kupata: picha thelathini na nne za Olindo Ravegnani, mtoto wa Montebrullo aliyeondoka kwenda Milano mwaka 1956 na kuwa mtu mkubwa. Kwenye picha zake hakuna mtu wala mti. Ni vitambaa vya katani vilivyopakwa kutu, majivu na chokaa, laini kabisa, na juu ya karibu kila kimoja kuna mng'ao unaopita mshazari, kutoka pembe hadi pembe, ambao huuoni mpaka usogeze kichwa. Watu wameandika vitabu juu ya mshazari huo. Mimi nilidhani nitachoka kuzitazama. Badala yake, baada ya wiki mbili nikawa nazikosa siku za Jumatatu tulipofunga.

Mji mzima ulijaa Olindo. Meya alitoa hotuba na kulikosea jina la ukoo wake mara mbili. Mwokaji akaanza kuuza mikate yenye mstari wa unga mshazari, na ikanunuliwa. Aliyeyaleta maonyesho alikuwa Daktari Ginevra Saltini kutoka Bologna. Kwetu kila aliyemaliza chuo ni daktari, hata kama hawezi kukutibu kikohozi. Alikuwa hajafika miaka arobaini, mwembamba, mwenye haraka, na sauti ya mtu anayesahihisha madaftari. Siku ya kwanza aliniambia kiti changu kinauharibu ukuta. Nikakisogeza hatua moja, na nikaamua kwamba sitampenda.

Watu wote wa Montebrullo walikuja. Padri alikuja, hata wale wajane watatu wa karata walikuja na wakabishana mbele ya kila picha. Asiyekuja ni Dirce. Nilimpelekea tiketi ya bure, akaitia kwenye droo. Mara mguu unamuuma, mara mvua, mara amekwisha ona vitambaa vya kutosha maishani mwake. Nilianza kuudhika. Walinzi wenzangu wameleta mpaka shangazi zao, na mimi mama yangu anakaa mita mia tatu kutoka pale na hataki kuja kuniona nimevaa sare mpya.

Basi Jumatatu moja, makumbusho yamefungwa, nikashuka kwake na kile kitabu kinene cha maonyesho chini ya kwapa. Alikuwa anapiga pasi shati la Ivano. Nikamwambia kama yeye haendi kwenye picha, picha zimemfuata, na nikakifungua kitabu juu ya ubao wake, ukurasa wa kwanza kabisa, pale palipo na picha iitwayo *Kitambaa, 1956*. Dirce alitazama. Alitazama mpaka mimi ndiye niliyesikia harufu, nikairukia pasi. Shati la Ivano lilikuwa limeungua mgongoni, alama ya pasi nzima. Kwa miaka yote niliyomjua, na kwa ushuhuda wa kila mtu aliyemjua kabla yangu, Dirce hajawahi kuunguza hata leso. Nikamkalisha kitini, nikachomoa waya ukutani.

Ndipo aliponiambia, na sikuwahi kulisikia hilo kutoka kwa mtu yeyote. Olindo alizaliwa wiki tatu baada yake, nyumba ya jirani, na mama yake akashikwa na homa ya uzazi, maziwa yakakauka. Mama wa Dirce akamchukua. Olindo alipewa ziwa la kushoto, Dirce la kulia, na hivyo hivyo mpaka walipoachishwa. Walinyonya pamoja, wakakua pamoja, na wakati wa vita walijificha pamoja kwenye pango la mvinyo wakila viazi vya kuchoma. Olindo hakuwa na ndugu mwingine. Alimwita Dirce dada mbele ya watu, bila aibu, hata alipokuwa kijana wa kuota ndevu ambapo wenzake walimcheka. Alikuwa akichora mabango ya maduka na kupaka upya rangi za watakatifu kanisani, na Dirce alijua kwamba hiyo ndiyo kazi ya kaka yake.

Mwaka ule wa 1956 Olindo alipata nafasi ya kuonyesha picha moja Milano. Picha moja tu, kwa watu ambao neno lao lingemfungulia njia au kumrudisha kwenye mabango. Mvua zilikuwa kubwa, na paa la chumba chake lilivuja. Ijumaa jioni akampelekea Dirce kazi yake karakana, imefungwa ndani ya blanketi, akamwomba amtunzie mahali pakavu mpaka Jumatatu, siku ya treni. Hakusema zaidi, na Dirce hakuuliza zaidi.

Jumamosi Dirce akafungua blanketi ili aone kama maji yameingia. Akakuta shuka la katani, tena analijua, ni lile ambalo mama yake Dirce alikuja nalo alipoolewa, limepakwa kutu na chokaa, na limejaa makunyanzi. Lilikuwa limesinyaa lote, mikunjo juu ya mikunjo, mingine imesimama kidole kizima. Moyo ukamwuma. Alimwona kaka yake mbele ya wale mabwana wa Milano, anafungua kitu kilichokunjamana hivyo, nao wanatazamana. Alimwona anarudi na treni hiyo hiyo. Akamwita Ezio, akamwambia aingie kwenye gurudumu. Walikifanyia kazi kitambaa kile mchana kutwa. Alikilowesha kidogo, akakizungusha kwenye gogo taratibu kama alivyojua yeye, na jiwe likapita juu yake mara themanini. Kilipotoka kilikuwa kimelala, kimekaza, kinang'aa, na ile chokaa imepasuka vipande vidogo vidogo ikaingia ndani ya uzi. Aliniambia kwamba haijapata kutoka kazi nzuri kama ile mikononi mwake, kabla wala baada.

Jumatatu Olindo alikuja kuichukua. Akaifungua. Dirce akamwambia, kwa furaha, kwamba amemnyooshea. Olindo akasema, "Nimeona." Masikio yake yakawa mekundu. Akaizungusha tena, akaitia kwenye blanketi, akaenda stesheni.

Wiki hiyo hiyo Dirce akapanda kwenye chumba cha Olindo kumfagilia, maana ndivyo dada anavyofanya. Akazikuta nyingine, kama kumi, zimeegemezwa ukutani. Zote zina makunyanzi. Akasogea, akaona kwamba kila mkunjo umeshikizwa kwa gundi, na nyingine zimeshonwa kwa nyuma ili zisianguke. Olindo alikuwa ametumia mwaka mzima kutafuta mikunjo ile. Dirce alikaa sakafuni na ufagio wake, na aliniambia hakumbuki aliinukaje.

Olindo hakurudi Montebrullo. Krismasi ilikuwa inakuja kadi yenye jina lake tu, bila neno lingine. Mama yao aliyewanyonyesha alipofariki yeye alituma shada la maua, hakuja mwenyewe. Dirce alijua sababu, au alidhani anaijua. Hakumwandikia, kwa sababu angemwandikia nini? Kwamba nilikuharibia mwaka mzima wa kazi kwa kuwa sikuweza kuvumilia kuona mikunjo? Olindo alipokufa, mwaka 1998, jirani alikuja na gazeti. Dirce alisema maskini, akaendelea kumenya viazi. Mazishi yalikuwa Milano na hakwenda.

Nilimuuliza kama hakujua kwamba Olindo amekuwa mtu maarufu. Alijua. Kwake hilo lilizidisha ubaya, kwa kuwa ilimaanisha kwamba alifika alikofika licha ya dada yake, kwa kuanza upya kutoka chini. "Nilimpoteza kwa mkono wangu mwenyewe, Loretta," akaniambia. "Sasa unataka niende nikasimame mbele yake nikiwa nimevaa nini?"

Nilipanda juu, nikamwambia Ivano shati lake limeungua, akadhani namtania.

Nikiwa kazini kesho yake ndipo kitu kilipoanza kunikereketa. Kwenye chumba cha tatu kuna kabati la kioo lenye barua za Olindo. Nilikuwa nimelipita mara elfu, na kama watu wote nilikuwa nimesoma kibandiko cha Daktari Saltini tu, kwa sababu mwandiko wa barua zenyewe ni wa kuku aliyekanyaga wino. Kibandiko kimoja kilisema kwamba katika barua hii ya mwaka 1961 kwa mwenye nyumba ya sanaa kule Milano, neno dada ni lugha ya picha: mchoraji, ambaye hakuwa na ndugu, anauita hivyo mji wake wa kuzaliwa. Nikainama juu ya kioo na kusoma barua yenyewe, neno kwa neno, pua yangu karibu iguse. Ilinichukua robo saa. Mtalii mmoja Mjerumani aliniuliza choo kiko wapi na sikumjibu.

Olindo aliandika: "Wakikuuliza uso huu laini nimeupata wapi, jibu unavyotaka. Ila usimpeleke mtu Montebrullo. Kule nina dada. Kazi ile waliyoisifu ni ya mkono wake, na mimi nikatia sahihi yangu nikanyamaza. Sithubutu kumtazama."

Nilirudi nyumbani mbio bila hata kubadili sare. Nikamwambia. Mnadhani alifurahi? Alinitazama kwa huruma, akasema mimi ni mtoto mwema na kwamba nimebuni vizuri, lakini yeye si mtoto wa kubembelezwa. Niliapa. Akasema nisiape ovyo. Nilimnukulia barua yote kwa kichwa, akasema Olindo hakuwa mtu wa maneno mengi hivyo. Hapo nikapandwa na hasira kweli. Nikamwambia kama haniamini mimi aje aukague mwandiko mwenyewe, na kama si wa Olindo basi mwaka mzima mashati ya Ivano nitayapiga pasi mimi mwenyewe. Akafikiri. Sijui ni barua au ni hofu ya mimi kuyapiga pasi yale mashati, lakini Jumatano asubuhi alikuwa mlangoni, gauni la buluu, nywele zimechanwa, na ameshika ile tiketi ya bure aliyoitia kwenye droo.

Tuliingia kabla umati haujafika. Daktari Saltini alikuwa chumba cha tatu anapima mwanga kwa kile kidude chake, na nilimwomba radhi, nikasema huyu ni mama yangu na anataka kuona barua. Dirce alivaa miwani, akainama. Alisoma. Akarudia. Mara ya tatu aliifuata mistari kwa kidole juu ya kioo. Kisha akainuka, akavua miwani, akasema neno moja, "Mjinga."

Nilitaka kucheka na nilitaka kulia. Kwa kweli nilitaka kuwachapa wote wawili, yeye na marehemu. Mmoja amekaa Montebrullo anaona haya, mwenzake amekaa Milano anaona haya, na kati yao ni safari ya mtu kuchukua mkoba na sandwichi. Kadi za Krismasi arobaini na moja, na hakuna aliyeongeza hata mstari.

Daktari Saltini alikuwa ameacha kupima mwanga. Akauliza kwa adabu, sauti yake ya madaftari imekwisha, kama bibi alimfahamu mchoraji. Dirce akasema walinyonya kwa mama mmoja. Akasema tena kwamba yeye ndiye aliyeipitisha picha ya kwanza kwenye jiwe, Jumamosi, na marehemu Ezio gurudumuni, na kwamba ilikuwa na mikunjo akaiharibu. Alisema yote hayo amesimama wima, kama mtu anayekiri mbele ya hakimu. Daktari akavuta kiti changu, kile kile kinachouharibu ukuta, akakaa.

"Bi Dirce," akasema, "tulikuta mangano kwenye karakana yake Milano. Aliinunua mwaka 1957 kutoka kiwanda kilichofungwa. Tumeandika kwenye kitabu kwamba alikuwa akiitumia kama meza."

Dirce akageuka, akaenda chumba cha kwanza bila kutungoja. Alisimama mbele ya *Kitambaa, 1956*, akakagua, akaitikia kwa kichwa, ameridhika, kama anavyofanya mbele ya shati lililokaa vizuri. Akaenda kwenye ya pili. Akasogeza kichwa kushoto, akakisogeza kulia, mshazari ukamulika. Na mama mkwe wangu akaanza kucheka. Alicheka mpaka akanishika mkono ili asianguke.

"Kaizungusha upande," akasema. "Tazama. Mng'ao unakimbia. Huyu hakulinganisha pindo na gogo kabla ya kuanza."

Daktari Saltini, ambaye alikuwa ametufuata, alieleza kwa upole kwamba mshazari huo ni alama ya Olindo, kwamba umeitwa jeraha la mwanga, na kwamba yeye mwenyewe aliandika tasnifu ya shahada yake kuhusu mshazari huo. Dirce akampigapiga mkononi.

"Mwanangu, hilo ni kosa la wiki ya kwanza. Pompili alikuwa akitukata masikio kwa kosa hilo."

Namsifu Daktari kwa jambo moja, na tangu siku ile namsifu kwa mengi: hakukasirika. Alitoa kalamu. Akamwomba Dirce apite naye picha moja moja, na mimi nikafuata nyuma, nikiwa nimesahau kwamba nina kazi. Ilikuwa kama kumsikia mtu anagombana na nduguye jikoni. Ya mwaka 1958, ameizungusha kwa pupa. Ya mwaka 1962, ameilowesha mno, ndiyo maana kutu imetambaa. Ya 1970, afadhali, ila upande wa kulia umemshinda. Mbele ya ile kubwa ya 1975, iliyopata tuzo na ambayo bima yake peke yake inaogopesha, alisema hapa alikuwa amekasirika na mtu, na kitambaa hakitaki mtu aliyekasirika. Daktari alisema kwamba ndio mwaka alioachana na mkewe. Dirce akasema, "Maskini, na mimi sikujua." Aliongea na picha pia. Alimuuliza Olindo alishikwa na nini hata asije kuuliza. Alimwambia gogo la kushoto ndilo linaloanza, siku zote la kushoto, alimwonyesha hayo wakiwa na miaka kumi na minne.

Nilimwona akizidi kuwa mwepesi kila tulipovuka mlango wa chumba. Nilifurahi mno. Nilikuwa tayari nawaza jinsi nitakavyomsimulia Ivano, na jinsi wale wajane watatu watakavyokosa la kusema.

Chumba cha mwisho ni kidogo na kina picha moja tu, ya mwaka 1997, mwaka mmoja kabla hajafa. Nyeupe yote, na kutu kidogo pembeni. Watu huwa hawakai pale. Kibandiko kinaeleza kwamba mkono wa mzee ulikuwa umedhoofika, na kwamba katika kazi hii ya mwisho, ya kusikitisha, mshazari wake maarufu umetoweka.

Dirce alisimama. Akasogeza kichwa kushoto, akakisogeza kulia. Mng'ao ulikuwa umenyooka, umetanda kutoka ukingo hadi ukingo, umetulia kama maji kwenye beseni. Alikaribia mpaka nikapaswa kumwambia asisogee, na sikumwambia. Alikagua pindo la juu, akakagua la chini, akarudi tena la juu. Hakuwa anacheka tena.

Daktari Saltini alimuuliza polepole kama nguvu zilikuwa zimemwishia Olindo hapa.

"Hapana," Dirce akasema. "Hapa ndipo alipopatia."

Mimi nilikuwa nahesabu bila kupenda: miaka arobaini ya kuzungusha peke yake, kwenye mji wa watu, na mwalimu wake yuko hai, anapiga pasi mashati ya mwanawe. Dirce alitafuta mahali pa kukaa na hapakuwa na kitu, kwa hiyo nilimshika, na alikuwa mzito kuliko nilivyotegemea. Alilia kwa sauti, kama watu wanavyolia msibani, mdomo wazi, bila kujificha uso, na Daktari akaenda kusimama mlangoni ili mtu asiingie.

Alipoweza kusema tena, alinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa na ratiba ya treni.

"Ni masaa matatu kwa treni, Loretta," akasema. "Ningekwenda kumwambia."